Waya Mwembamba



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya ufundi wa redio. Nitasema juu ya kipande chake kimoja tu, nacho ni kulehemu waya mwembamba kwenye kidoa cha shaba juu ya bodi ya saketi. Wazee wenzangu mnisamehe. Najua wengi mmefuata pilau.

Waya ninaousema una unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, nao umepakwa vanishi isiyoonekana kwa urahisi. Ukiulehemu bila kuiondoa, lehemu itauzunguka vizuri, itang'aa, na umeme hautapita. Kwa hiyo kwanza unaukwangua polepole kwa wembe, kisha unautia lehemu kidogo peke yake. Kidoa nacho unakisafisha, unakipaka ulimbo, unakitia lehemu yake. Hapo kazi karibu imekwisha, ingawa bado hujaunganisha kitu. Kilichobaki ni kuubana waya kwa utepe usitikisike, kuulaza juu ya kidoa, na kuugusa kwa ncha ya chuma cha moto sekunde moja au mbili. Ukizidisha, gundi inayoshika shaba kwenye bodi inalegea. Lehemu ya zamani, ya bati na risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi za Selsiasi. Ya siku hizi isiyo na risasi hutaka nyuzi 217 au zaidi. Ndiyo maana mafundi wa simu wana taabu kuliko sisi.

Sasa niseme jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu. Mwaka 1983 mama mmoja aliniletea kifaa cha kusikia cha mwanawe, kile cha kuning'iniza kifuani. Waya wa maikrofoni ulikuwa umekatika. Wateja walikuwa wengi, nami sikukwangua. Lehemu ilipokataa kushika nikazidi kukandamiza, mpaka kidoa kikang'oka na kunata kwenye ncha ya chuma. Nikamwambia yule mama kuwa kifaa kilikuwa kimekufa kabla hakijanifikia. Akauliza anidai nini, nikasema hapana kitu, basi akanishukuru sana.

Miaka mitatu baadaye fundi mwingine alinionyesha kwamba kidoa kikitoka, njia ya shaba ingalipo. Unaifuata kwa lenzi, unakwangua rangi ya juu mpaka shaba ionekane, unalehemu hapo, kisha unatia tone la gundi ili waya usivutike. Ni kazi ya dakika 20. Nilimtafuta yule mama, sikumpata. Mtoto, kama yu hai, amepita miaka 40.

Vijana, baada ya chakula nitakuwa katika maabara ya fizikia. Nimeleta bodi 6 za redio mbovu, vyuma 3 na waya wa kutosha. Madirisha yafunguliwe, maana moshi wa ulimbo hudhuru kifua. Na mnawe mikono kabla ya chai, kwa kuwa lehemu yangu ni ile ya zamani yenye risasi. Kidato cha Pili ndio waanze. Wazee watakaopenda kujaribu waje na miwani.