Askari Aliyebeba Gitaa
Hotuba kwa wakulima na jamaa za askari wa zamani, Mau Narok



Vita hukumbukwa kwa majina ya majemadari na hesabu ya mizinga. Hotuba hii yawahusu watu waliokwenda vitani na sauti zao.

Katika Vita Kuu ya Pili, watu mashuhuri wa sinema za Hollywood waliitumikia Marekani kwa njia mbili. James Stewart aliingia jeshini mwaka 1941, akawa rubani wa ndege za mabomu, akaruka mara 20 kuwashambulia adui huko Ulaya. Marlene Dietrich, mzaliwa wa Berlin, aliwafuata askari wa Marekani hadi Italia na Ufaransa akiwaimbia.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na watumbuizaji wake. Mwaka 1944 kikosi chao kiliundwa Uganda, chini ya Keya, yaani King's African Rifles. Miongoni mwao walikuwamo Paul Mwachupa na Fundi Konde, kijana wa Pwani ya Kenya aliyezaliwa mwaka 1924. Baada ya mafunzo walipelekwa Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar.

Huko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria, hata Desemba 1944 ikavuka mto Chindwin. Hapo mkulima wa Mau alitambue zao analolijua. Pareto ya Japani ilipokosekana, ile ya nyanda za juu za Kenya ndiyo iliyotegemewa, na dawa yake ikawakinga askari na mbu.

Lakini pareto hufukuza mbu, haifukuzi upweke. Askari wale walitoka katika makabila mengi, na Kiswahili kiliwaunganisha. Wimbo mmoja wa Kiswahili, ukiimbwa mbali na nyumbani, uliwafikia wote kwa pamoja.

Je, mwenye gitaa ahesabiwe askari kamili? Wako wasemao kuwa asiyefyatua risasi hakupigana. Na wakumbuke njia ya kufika huko. Tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Japani iliizamisha meli Khedive Ismail katika Bahari ya Hindi, ikiwapeleka askari wa Afrika Mashariki Ceylon. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Kombora la baharini haliulizi nani amebeba bunduki na nani amebeba gitaa. Aliyeivuka bahari hiyo kwa amri ya jeshi aliuweka uhai wake rehani kama wenzake.

Amani iliporudi, kundi hilo liliendelea kwa jina la Rhino Band, kwanza Kampala, kisha Mombasa mwaka 1946. Fundi Konde alirekodi nyimbo nyingi, ukiwamo “Tausi”, akawa miongoni mwa wa kwanza kupiga gitaa la umeme katika nchi hizi. Alifariki mwaka 2000. Hivyo muziki uliowaburudisha askari ukawa sehemu ya msingi wa muziki wa dansi wa Kenya.

Basi, ikiwa nyumbani imo picha ya mzee aliyevaa sare, mkononi ana ala ya muziki, isiwekwe kando ya picha za mashujaa kana kwamba ni ya mchezo. Jina lake na liandikwe nyuma ya picha hiyo, pamoja na mahali alipotumwa na nyimbo alizoimba, kabla wanaomkumbuka hawajaisha.