Ugumba: Haki ya Mke na Damu ya Mume



Ndugu wapendwa, viongozi wa walei na wa jumuiya ndogondogo za Kikristo,

Mara nyingi ndoa ikikaa miaka michache bila mtoto, hukumu hutolewa kabla ya shauri kusikilizwa: mwenye kosa ni mke. Huitwa tasa, huzungushwa kwa waganga, na pengine hurudishwa kwao. Mume hapimwi. Twasema wazi kwamba hiyo ni dhuluma. Madaktari wanatufundisha kwamba katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, mume naye ana sehemu katika sababu, akiwa peke yake au pamoja na mkewe.

Tutafakari sababu mojawapo isiyojulikana na wengi: wingi wa madini ya chuma mwilini. Chuma chenyewe ni chema, kwani bila hicho damu haiwezi kuchukua hewa. Mtu mzima huwa na gramu 3 hadi 4 tu, na kila siku hupoteza miligramu 1 au 2. Lakini mwili hauna mlango wa kutolea ziada. Mwanamke hupunguziwa kwa hedhi na uzazi. Mwanamume hana njia hiyo, kwa hiyo kwake ziada hujilimbikiza mapema.

Ziada hiyo yatoka wapi? Wengine huirithi, hasa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Wengine, kama baadhi ya wagonjwa wa selimundu, huongezewa damu mara kwa mara, na kila chupa huleta miligramu 200 hadi 250 za chuma. Kusini mwa Afrika, tangu mwaka 1929 madaktari wameandika habari za wingi huu wa chuma; ukahusishwa na pombe ya kienyeji iliyotengenezwa katika vyombo vya chuma. Mwaka 1992 daktari Gordeuk na wenzake walionyesha kwamba huenda kuna pia jambo la kurithi.

Chuma hicho hujikusanya katika ini, moyo, kongosho, na katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo ndiyo inayoziamuru korodani. Ikidhoofika, homoni ya kiume hupungua, hamu ya tendo la ndoa hufifia, na mbegu huwa chache au hukosekana kabisa. Kwa nje mume aweza kuonekana mzima, au kulalamikia uchovu na maumivu ya viungo tu.

Mimba ikitungwa, chuma cha baba hakimwingii mtoto tumboni. Kinachoweza kupita ni ugonjwa wa kurithi. Ndiyo maana wenye selimundu na wachumba wao wanapaswa kupimwa na kushauriwa mapema. Wala mama mjamzito asiache vidonge vya chuma alivyopewa kliniki kwa sababu ya maneno haya, kwani hatari yake yeye ni upungufu wa damu.

Tiba ipo. Kipimo cha damu kiitwacho ferritini huonyesha akiba ya chuma. Wengine hutolewa damu kwa utaratibu. Wanaoongezewa damu hupewa dawa za kuondoa chuma, na baadhi husaidiwa kwa homoni. Anayetumia dawa hizo na anatarajia kupata mtoto amwambie daktari mapema.

Ndugu wapendwa, Elkana hakumtupa Hana alipokuwa hana mtoto. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, yatamka kwamba ugumba hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Basi mke anayefukuzwa kwa kukosa mtoto ananyang'anywa haki ambayo Kanisa limemhakikishia.

Shauri la namna hii likiletwa katika jumuiya zetu, swali letu la kwanza liwe hili: je, mume amepimwa? Tuwasindikize wote wawili hospitali, siku moja, kwa heshima moja. Siri yao tuitunze. Na ikiwa mtoto hakupatikana, tusimame mlangoni mwa nyumba hiyo kuilinda ndoa, tusije tukawa miongoni mwa wanaoibomoa.

Mungu awabariki.