Kizunguzungu cha Uzeeni
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Kibiti)



Nimepewa nafasi niseme juu ya maradhi ambayo wengi wetu twayaona nyumbani wala hatuyataji: kizunguzungu cha wazee. Sisi watumishi wa Serikali hustaafu tutimizapo miaka 60, na wengi twanuia kurudi Delta kulima mpunga. Basi jambo hili ni letu, kama si leo ni kesho.

Nchi yetu haimhurumii mtu asiyesimama imara. Mzee hushuka mtumbwini akakanyaga matope, hupita juu ya gogo lililolazwa mferejini, kisha hupanda ngazi ya dungu ili kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Shirika la Afya la Ulimwengu lakisia kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wengi wao ni wenye umri uliopita miaka 60.

Sababu za kizunguzungu ni nyingi. Ya kwanza ni sikio. Ndani mwake mna mirija mitatu iliyopindika, yenye maji, ambayo huuarifu ubongo jinsi kichwa kinavyogeuka. Daktari Robert Bárány alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kuichunguza kazi yake. Karibu na mirija hiyo mna chembe ndogo za chokaa. Uzeeni huweza kubanduka zikaingia mirijani, na hapo mtu akijigeuza kitandani huona nyumba yazunguka kwa muda usiotimia dakika. Maradhi haya hayataki dawa ya kumeza: mganga wa hospitali hukigeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka chembe zitoke, kwa njia aliyoiandika Daktari John Epley wa Marekani mwaka 1992.

Ya pili ni damu. Mtu asimamapo ghafula, damu hushuka miguuni, na mwili wa mzee hukawia kuipandisha. Kiu, upungufu wa damu na baadhi ya dawa za presha huzidisha taabu hiyo. Ya tatu ni macho yaliyofifia, na nyayo zilizopoteza hisi, hasa kwa wenye kisukari.

Lakini watu wetu husema: ana pepo, au vibaya zaidi: amelewa. Mzee huona haya, akanyamaza. Namjua mmoja, naye alikuwa karani, ambaye wanawe walimkataza kutoka nje kwa kuogopa asianguke. Baada ya miezi mitatu ya kukaa kitandani, hakuweza kufika chooni pasipo kushikwa. Walimpenda, na mapenzi yao yalimdhoofisha. Maana ubongo hujifunza upya kusimama kwa kutembea, na miguu isiyotumika hulegea.

Basi nashauri haya. Mzee aamkapo na aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, asimame taratibu. Anywe maji ya kutosha. Atembee kila siku, akiwa na mkongojo na mtu wa karibu. Asiache dawa za presha kwa shauri lake mwenyewe, bali amweleze mganga. Usiku pawe na taa, na kamba imara ya kushika toka mlangoni hata chooni. Ngazi ya dungu tuwaachie vijana. Mzee akae chini awaelekeze, kwani ujuzi wake haumo miguuni.

Tena, kizunguzungu kikija pamoja na uso kupinda upande mmoja, ulimi kuwa mzito, au mkono kukosa nguvu, hicho ni kiharusi. Hapo kila saa ina thamani. Na kwa kuwa vyombo vya Delta hungoja maji, mgonjwa asikawizwe nyumbani kwa kutafutiwa mizizi, maji yakatoka.

Mabwana, mkongojo si aibu. Aibu ni kumwacha mzee aanguke kwa sababu ya maneno ya watu. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai; nasi tuwape wazee wetu nafasi ya kwenda pole, lakini waende.