Nafuu Inayofika Nyumbani: Mada Kuhusu Utafiti wa Utengamao kwa Waliopooza kwa Kiharusi



Nimeombwa nizungumzie utafiti wa tiba ya utengamao kwa wagonjwa wenye matatizo ya neva na mwendo. Uwanja huo ni mpana. Wamo watoto wenye mtindio wa ubongo, vijana walioumia uti wa mgongo kwa ajali za bodaboda au kwa kuanguka mtini, na wazee wenye ugonjwa wa Parkinson. Mimi nitabaki kwenye kiharusi, kwa sababu wagonjwa wake ndio wanaojaza vyumba vyetu vya mazoezi, na kwa sababu hapa tunazo takwimu zilizochukuliwa kwetu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia wakazi wa wilaya ya Hai na wa sehemu ya Dar es Salaam. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kiharusi kipya kwa watu 108.6 katika kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Kiwango cha Hai kililingana na cha nchi tajiri. Cha Dar es Salaam kilizizidi nyingi kati ya hizo.

Kwa hiyo idadi tunaijua kwa kiasi. Tusichokijua vizuri ni kinachompata mgonjwa baada ya kuruhusiwa. Hoja yangu ni kwamba utafiti wetu wa utengamao hauna budi kupima anachokifanya mgonjwa nyumbani kwake, juu ya sakafu yake, na kuhesabu mazoezi anayoyafanya huko. Tusipofanya hivyo tutaendelea kuandika "anaendelea vizuri" kwenye faili la mtu asiyeweza kwenda chooni peke yake.

Vipimo tulivyovirithi

Kipimo kinachotumika zaidi ni kile cha Barthel. Florence Mahoney na Dorothea Barthel walikichapisha mwaka 1965 katika jimbo la Maryland, Marekani. Kina vipengele 10 na jumla ya alama 100: kula, kuoga, kuvaa, kujisafisha uso na meno, kuzuia haja kubwa na ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kitini, kutembea mahali tambarare, na kupanda ngazi. Ni kipimo kizuri. Hakihitaji mashine, muuguzi anaweza kukijaza akiwa kando ya kitanda, na kimestahimili zaidi ya nusu karne. Simwambii mtu yeyote akiache.

Lakini angalieni kinachoulizwa. Ngazi zina alama 10. Katika nyumba nyingi za vijijini ngazi hakuna, na mpimaji hulazimika kukisia. Kuinuka kutoka sakafuni hakuulizwi kabisa. Mtu anayelala kwenye mkeka au godoro lililotandikwa chini, anayekula ameketi jamvini, anayesali akisujudu au akipiga magoti, huinuka kutoka chini mara nyingi kwa siku. Anaweza kupata alama za juu za Barthel huku akisubiri mjukuu arudi kutoka shule ndipo ainuliwe.

Na choo. Waliotunga kipimo walikuwa na choo cha kukalia mbele yao. Kwenye choo cha shimo mgonjwa anatakiwa achuchumae, na kuchuchumaa ni mtihani mkubwa kwa mguu uliopooza. Misuli ya nyuma ya muundi hukakamaa na kuvuta unyayo uelekee chini. Akianza kushuka, kisigino hakigusi sakafu, goti halisogei mbele ya vidole, uzito wote unabaki nyuma, na mtu anaanguka chali. Anaanguka kwenye sakafu yenye maji, ndani ya chumba chembamba chenye mlango uliofungwa, ambamo hata wa kumsaidia hapati pa kusimama. Ndiyo maana wagonjwa wengine hupunguza kula na kunywa ili wasiende chooni. Ndugu wakiona anakonda husema ugonjwa umerudi. Utafiti unaohesabu alama za Barthel pekee hautauona mnyororo huu, na hakuna dawa ya kuuvunja hadi mtu apime kifundo cha mguu na kuuliza choo chake kikoje.

Mwendo nao una hadithi kama hiyo. Mwaka 1995 Jacquelin Perry na wenzake, katika hospitali ya Rancho Los Amigos huko California, waliwapima wagonjwa 147 wa kiharusi na kutoa viwango vinavyotumika hadi leo. Anayetembea chini ya mita 0.4 kwa sekunde ni wa ndani ya nyumba; kati ya 0.4 na 0.8 anatoka kwa shida, anayezidi 0.8 yuko huru katika jamii. Jamii ipi? Ile ya njia za zege na taa za kuvukia barabara. Mzee wa Hai anayeshuka mteremko wenye utelezi katikati ya migomba hana njia kama hiyo, wala mama wa Dar es Salaam anayepandisha mguu kwenye daladala huku abiria wengine wakisukumana nyuma yake. Saa ya kuhesabia sekunde tunayo na mita 10 za kupimia tunazo. Kazi iliyobaki ni kuwafuata hawa watu na kuona ni kasi gani kwenye chumba cha mazoezi inayolingana na kufika sokoni na kurudi. Utafiti huo ni wa gharama ndogo, na hakuna anayeweza kutufanyia.

Mkono

Hapa nitakaa zaidi kidogo. Mwanasaikolojia Edward Taub alifanya majaribio kwa nyani waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja. Mnyama aliacha kuutumia mkono huo, ingawa misuli yake bado ilipokea amri kutoka kwenye ubongo. Mkono mzima ulipofungwa, ule mwingine ulianza kufanya kazi. Taub akahitimisha kwamba sehemu ya ulemavu ilikuwa ya kujifunza: mnyama alijaribu, akashindwa, akazoea kutojaribu. Kutoka hapo ilizaliwa tiba ya kuuzuia mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Jaribio kubwa la tiba hiyo, lililoitwa EXCITE, lilichapishwa mwaka 2006. Kati ya wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma, wa kundi moja walivaa glovu kwenye mkono mzima kwa wiki 2, huku wakifanyishwa mazoezi ya saa nyingi kila siku ya kazi. Waliwazidi waliopata huduma za kawaida, na tofauti ilionekana hata baada ya mwaka mmoja. Tahadhari ni kwamba walichaguliwa wale tu ambao kiganja na vidole vilikuwa bado vinaweza kujikunjua kidogo.

Tuilete tiba hii kwetu. Mgonjwa amepooza mkono wa kushoto, nasi tunamvisha glovu kulia na kumwambia ale. Tumemwagiza apeleke mdomoni mkono wa kutawazia, mbele ya watoto wake, pengine kwenye sinia wanalokula pamoja. Atakataa, na ana haki ya kukataa. Tusimwandike kuwa hana ushirikiano. Kuna kazi tele ambazo mkono wa kushoto huzifanya bila kuvunja heshima yake: kushikilia sufuria mkono wa kulia unaposonga, kubana nguo kwenye beseni wakati wa kufua, kubeba ndoo ndogo, kushika kitunguu kinachokatwa.

Matokeo ya tiba hii hupimwa pia kwa dodoso la matendo 30 linalouliza mkono unatumika kiasi gani nyumbani. Miongoni mwa matendo hayo ni kufungua jokofu, kubonyeza rimoti ya televisheni, kuzungusha kitasa cha mlango, kuvaa soksi na kufuta meza ya jikoni. Kwa mama wa kijijini, sehemu kubwa ya dodoso itajazwa "haihusiki", na alama itakayobaki haitakuwa na maana.

Mtazameni basi mama huyo akifunga kanga baada ya mkono wa kulia kupooza. Anasimama ameegemeza kiuno ukutani ili kanga isiteleze. Ncha moja anaibana kwa meno, au anaikandamiza kwa kiwiko kilichokunjamana kifuani. Mkono wa kushoto unazungusha kitambaa nyuma, unakileta mbele, kisha anajaribu kupindia ncha ndani kwa vidole ambavyo maisha yote vilikuwa vya kusaidia tu. Kanga inafunguka. Anaanza tena. Tendo hili linahitaji bega, kiwiko, mshiko wa vidole, usawa wa mwili na uamuzi wa nini kianze. Ukilipanga kwa hatua, kuanzia "anavalishwa" hadi "anafunga mwenyewe na haifunguki akitembea", unapata kipimo chenye ngazi zilizo wazi. Na mama mwenyewe anajua amefika wapi bila kuambiwa.

Mazoezi kiasi gani?

Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake walionyesha kwamba nyani walioharibiwa sehemu ndogo ya ubongo wa mwendo, wakirudiarudia kuchukua vipande vya chakula kwa mkono dhaifu, ramani ya mkono kwenye ubongo hubaki na hata kujitanua. Marudio yao yalikuwa mamia kwa siku. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake waliketi na kuhesabu kinachofanyika katika vyumba vya mazoezi vya Marekani na Kanada. Marudio ya matendo halisi ya mkono yalikuwa wastani wa 32 kwa kipindi kimoja. Ikiwa huko ni 32, sisi ambao mgonjwa wetu huja mara moja kwa wiki nauli ikipatikana tuko wapi? Nauliza kwa dhati, kwa sababu jibu linaweza kupatikana kwa daftari na kalamu.

Wingi pekee nao hautoshi. Jaribio la AVERT, lililochapishwa mwaka 2015, liliwaandikisha wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi 5. Nusu yao waliinuliwa kitandani mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi, ndani ya saa 24 za kiharusi. Baada ya miezi 3, waliokuwa na hali nzuri ni asilimia 46 katika kundi hilo, na 50 katika kundi la kawaida. Uchambuzi uliofuata uliashiria kwamba katika siku za mwanzo vipindi vifupi vya mara kwa mara ni bora kuliko virefu. Hilo linatugusa, maana ndugu zetu wenye mapenzi humsimamisha mgonjwa siku ya kwanza na kumshikilia hadi achoke.

Linalotuhusu zaidi ni jaribio la ATTEND la India, la mwaka 2017. Wagonjwa 1,250 kutoka vituo 14 walihusishwa, na familia za nusu yao zilifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani. Baada ya miezi 6, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kila upande. Matokeo haya yanauma, kwa sababu kumfundisha ndugu ndiyo mbinu yetu kubwa. Siyasomi kama hukumu dhidi ya familia. Nayasoma kama onyo kwamba kumwonyesha ndugu mazoezi hakuhakikishi kwamba mkono umerudia tendo mara za kutosha, na kwamba tendo lenyewe lina maana kwa mgonjwa. Dakika zilizoandikwa kwenye fomu hazisemi lolote kuhusu hayo mawili.

Utafiti tunaouweza

Mgonjwa apewe vikombe viwili na maharage. Kazi yake ni kuhamisha punje kutoka kikombe kimoja hadi kingine kwa mkono dhaifu. Jioni ndugu anahesabu zilizohama na kuandika, au anapiga simu kituoni kutaja idadi. Zoezi lenyewe ndilo linalotunza hesabu. Mkono ukipata nguvu, maharage yapishe choroko, kisha mchele. Zoezi hili liende sambamba na tendo moja ambalo mgonjwa amelichagua mwenyewe.

Lazima pawepo kundi la kulinganisha. Sehemu kubwa ya nafuu ya kiharusi huja ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, hata kwa asiyefanyiwa lolote maalumu. Kwa sababu hiyo mganga husifiwa, mafuta ya kuchua husifiwa, nasi wa fiziotherapia tunasifiwa, kila mmoja kwa nafuu ambayo huenda mwili ungeipata wenyewe. Anayepima asijue mgonjwa yuko kundi gani. Idadi nayo iwe ya kutosha: mwaka 2011 jaribio la Ufaransa lenye wagonjwa 118 lilitoa matumaini makubwa kuhusu dawa ya fluoksetini kwa mwendo, lakini mwaka 2019 jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 3,127 halikuona nafuu yoyote ya utendaji, na mifupa iliyovunjika iliongezeka.

Tusiwaache nje waliopoteza usemi. Wengi waliopooza upande wa kulia wamo humo, na ni rahisi kuwatoa kwa kuwa kupata ridhaa yao ni kazi. Picha, ishara na muda wa kutosha vinasaidia, na mwana mkubwa aliyezoea kuamua kila kitu aombwe ampe mgonjwa nafasi ya kutikisa kichwa. Vilevile tuandike namba za simu za ndugu zaidi ya mmoja tangu mwanzo, kwani mgonjwa akishaugua huhamishwa kwa mwanawe wa mjini, na tukimpoteza hatujui kama alipona au alizikwa.

Kipimo cha Barthel kijazwe pia kwa kila mgonjwa ili matokeo yetu yaweze kusomwa kando ya ya wengine. Vipengele vipya vikae pembeni yake hadi tuwe tumevithibitisha: wapimaji wawili, kila mmoja peke yake, wampime mgonjwa yuleyule, na alama zao zilinganishwe.

Kwenye nakala mliyogawiwa, ukurasa wa mwisho una rasimu ya matendo ninayopendekeza: kuinuka kutoka mkekani, kuchuchumaa na kusimama, kufunga kanga au msuli, kufua nguo moja, kupanda na kushuka daladala, na mengine. Naomba vikundi vya mchana viikate rasimu hiyo bila huruma. Wenzetu mnaotoka visiwani na maeneo ya wafugaji ongezeni matendo ya huko ambayo mimi siyajui. Kituo kilicho tayari kutoa wapimaji wawili kimpe katibu jina lake leo kabla hatujaondoka.