Upepo wa Tairi na Jua la Ukambani

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotungwa kwa ajili ya madereva na wenye motokaa wa Kitui na Makueni.



Dereva atokaye Nairobi asubuhi kwenda Kibwezi hufika Emali jua limekwisha panda. Akishuka na kugusa tairi huona zina moto, na akizipima huona upepo umezidi ule aliotia alfajiri. Alitia ratili 32, sasa geji yasema 36 au 37. Utingo humwambia, “Mzee, toa kidogo, zimechemka.” Naye dereva, hata akiwa mzoefu wa kazi, hubonyeza vali na kutoa upepo mpaka kipimo kirudi 32, kisha huendelea na safari akiamini ya kuwa ameziepusha tairi zake na kupasuka. Hotuba hii yahusu jambo hilo zaidi ya jingine lolote, kwa maana dereva afanyaye hivyo huikaribia hatari ile ile aliyodhani anaikimbia.

Yapasa ifahamike ya kuwa kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa gari ni kipimo cha tairi baridi, yaani tairi ambayo haijatembea kwa muda wa saa tatu hivi. Waliokiandika walijua vema kwamba tairi ikitembea hupata moto, na kwamba kila joto lizidipo kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi upepo huongezeka karibu ratili moja. Ongezeko hilo wamekwisha lihesabu. Ratili nne au tano zilizoletwa na safari hazipasui tairi nzima.

Tairi iliyopungukiwa na upepo ndiyo ya kuogopwa. Hiyo hulala. Mbavu zake hukunjwa na kunyooka kila gurudumu lizungukapo, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gurudumu la gari dogo huzunguka mara mia saba hivi kwa dakika. Kule kukunjwa ndiko kuzaako joto jingi, nalo joto hulegeza ule mshikamano wa mpira na nyuzi za chuma zilizo ndani, hata mwisho tabaka la juu likabanduka gari likiwa katika mwendo. Vipande vyeusi vilivyotapakaa kando ya barabara kuu ya Mombasa husemwa kuwa ni vya tairi kuukuu za malori zilizovikwa mpira upya. Baadhi ni hivyo kweli, lakini hata tairi mpya hufa kifo hicho ikiendeshwa kwa upepo haba, kwa kasi, na kwa mzigo mzito. Tena dereva yule wa Emali, usiku ukiingia na tairi zikapoa, zile ratili 32 zitakuwa 27 au 28. Na kesho yake atapakia abiria na magunia ya pojo juu ya upungufu huo.

Jambo hili lilionekana kwa msiba mkubwa huko Marekani. Mnamo Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliita zirudishwe tairi zipatazo milioni sita na nusu, nyingi zikiwa zimefungwa katika magari ya Ford Explorer. Tairi hizo zilikuwa zikibanduka tabaka, magari yakapinduka, na watu zaidi ya mia mbili wakafa. Ajali zilikithiri katika majimbo yenye joto kali kama Texas, Arizona na Florida. Ford ilikuwa imewaagiza wenye magari watie ratili 26. Firestone ilisema 30 ndizo zifaazo. Kosa halikuwa la upepo peke yake, kwani wachunguzi waliona udhaifu katika ujenzi wa tairi zenyewe. Walakini joto, mzigo, mwendo na upepo mchache vilikutana pamoja, navyo vyote vinne viko kati ya Salama na Mtito Andei. Baada ya hapo Marekani ilitunga sheria, na tangu Septemba 2007 magari madogo mapya ya huko ni lazima yawe na taa ya kumwonya dereva upepo upunguapo. Magari mengi yaliyoletwa Kenya kutoka Japani hayana taa hiyo. Taa ya dereva wa hapa ni geji yake mwenyewe.

Sasa zauzwa tairi zenye sifa mbili pamoja, ya kwamba ni za mwendo wa kasi na ni za misimu yote. Mnunuzi na aulize: misimu ya nani? Herufi M+S zilizo ubavuni maana yake ni matope na theluji. Ukambani haujui theluji. Misimu yake ni mvua za Oktoba hadi Desemba, mvua za Machi hadi Mei, na baina yake vumbi na jua. Tairi hizo si mbaya. Mifereji yake hutoa maji vizuri mvua ya kwanza iangukapo juu ya lami yenye utelezi. Ila mbavu zake aghalabu ni fupi, na katika njia za mawe za vijijini hukatwa upesi. Zaidi ya hizo, magari mengine hushuka melini yakiwa na tairi za barafu, zenye alama ya mlima na chembe ya theluji au neno STUDLESS. Mpira wake ni laini mno, na lami ya moto huula kama sabuni.

Mwenye kutaka tairi ya jua atafute neno TEMPERATURE ubavuni. Likifuatwa na A, hiyo hustahimili joto kuliko B, na B kuliko C. Hili lina maana zaidi tangu barabara ya Kibwezi, Mutomo na Kitui ilipotiwa lami, kwa sababu tairi zilizokwenda polepole kwenye kokoto sasa hukimbizwa.

Kipimo kimebandikwa katika fremu ya mlango wa dereva. Kwa magari ya Japani huandikwa kwa kPa: 220 ni ratili 32, na 240 ni karibu ratili 35.

Kutoa upepo nako kuna mahali pake. Avukaye mchanga wa mto Tiva au Thua wakati wa kiangazi hushusha hadi ratili 18 au 20, ili tairi itanuke isizame. Lakini huyo huenda mwendo wa mtu atembeaye, naye huchukua pampu ndogo ya umeme wa gari ili ajaze tena kabla ya kukanyaga lami.

Mwisho ni tairi ya akiba, ambayo wengi huikumbuka siku ya pancha tu. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2309 ni juma la 23 la mwaka 2009. Tairi kama hiyo, hata ikiwa na nywele zake zote za kiwandani, haifai kubeba watoto wa mtu hadi Mwingi.