Je, Mawazo Huleta Kisukari?

(Mazungumzo na wanakisomo)

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kisukari. Sitaeleza kila kitu, maana habari zake ni ndefu. Nitachukua neno moja tu ninalolisikia mara kwa mara pale zahanati. Mgonjwa akiambiwa sukari yake iko juu, jamaa zake husema: "Ni mawazo hayo. Tangu afiwe na mumewe hana raha." Wengine husema: "Hapana, ni ugonjwa wa ukoo wao. Hata baba yao alikuwa nao." Na wapo wanaonong'ona kwamba katupiwa kitu.

Hao wa tatu niwaache kwa leo. Lakini wale wa mawazo na wale wa ukoo hubishana bure. Kila mmoja ana nusu ya habari.

Kwanza tuujue mwili wetu. Ugali, wali, viazi na muhogo, vyote vikishaliwa hugeuka sukari na kuingia katika damu. Sukari hiyo ndiyo nguvu ya kulimia. Lakini haiingii ovyo katika misuli. Ni lazima ifunguliwe mlango, na mfungua mlango huitwa insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Sukari inayobaki huwekwa akiba katika ini, kama sisi tunavyoweka mahindi ghalani.

Sasa tuseme unatoka shambani jioni, mara unakutana na nyati. Ubongo hupeleka habari upesi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga dawa za mwili ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio. Ini linaambiwa: fungua ghala! Sukari inamwagika katika damu ili miguu ipate nguvu. Unakimbia, sukari inatumika. Ukifika nyumbani salama, baada ya muda mwili unatulia.

Lakini deni si nyati. Deni halikimbiwi. Kesi ya shamba haikimbiwi, wala mtoto mgonjwa wa miaka mitatu hakimbiwi. Mwili haujui tofauti. Ghala la sukari linafunguliwa, nawe umekaa kwenye kigoda umeshika tama. Leo hivyo, kesho hivyo, mwezi wa sita hivyo hivyo. Kotisoli ikizidi siku nyingi, mafuta hujikusanya tumboni. Insulini inabisha hodi lakini mlango haufunguki vizuri. Kongosho linajitahidi kutengeneza nyingine zaidi, mpaka linashindwa. Hapo sukari inabaki katika damu. Tena mwenye mawazo halali vizuri. Mmoja atakunywa pombe, mwingine atakula kila anachokiona, mwingine hatoki ndani. Hayo nayo yanaongeza sukari.

Basi wale wa mawazo wameshinda? Ngojeni kwanza. Kama mawazo peke yake yangetosha, nani kati yetu angepona? Nani hapa hajazika mtu, au hajapata mwaka wa njaa?

Hapo ndipo ukoo unapoingia. Kila mtoto hupata kwa baba nusu na kwa mama nusu ya maagizo ya kuujenga mwili. Maagizo hayo huitwa vinasaba. Neno lenyewe mnalijua, linatokana na nasaba. Kwa kuwa kila mtoto huchukua nusu yake kwa bahati, ndugu wa tumbo moja hawafanani kabisa. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Na kwa ndani ni hivyo hivyo: kongosho la mmoja hustahimili, la mwenzake huchoka mapema.

Nyinyi ni wakulima, mtanielewa. Chukua mbegu za mahindi za aina mbili, uzipande shamba moja. Mvua ikiwa nzuri, zote zinasimama, huoni tofauti. Mwaka wa ukame ndipo utajua. Moja inajikunja na kunyauka, nyingine inavumilia. Je, aliyenyausha ni ukame au ni mbegu? Swali hilo halina jibu la neno moja. Ni mbegu ile katika ukame ule.

Jambo hili si maneno yangu tu, limepimwa. Huko Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2002, wataalamu waliandikisha watu 6,814 wenye umri wa miaka 45 hadi 84, wa rangi mbalimbali, ili wafuatilie magonjwa ya moyo. Waliwapima miili, wakachukua damu, wakawauliza pia juu ya mizigo ya maisha. Sikilizeni maswali yenyewe. Je, una ugonjwa wako wa muda mrefu? Una mtu wako wa karibu aliye mgonjwa? Una taabu ya kazi? Una taabu ya fedha? Una ugomvi na mtu wako wa karibu? Na taabu hiyo iwe imedumu miezi sita au zaidi. Kwa kweli nilipoyasoma nilidhani yametungwa hapa kijijini petu.

Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke walizichukua habari hizo, wakazilinganisha na vinasaba. Mwaka 2014 walitangaza walichokiona. Kuna kinasaba kimoja kiitwacho EBF1. Watu wengine wana sura yake moja, wachache wana sura nyingine. Wenye sura hiyo ya pili, kama mizigo yao ilikuwa midogo, hawakutofautiana sana na wenzao. Lakini waliolemewa na mizigo walikuwa wanene zaidi nyonga na kiuno. Na unene ule ulifuatana na sukari kupanda, na sukari ikafuatana na ugonjwa wa mishipa ya damu. Wakaangalia tena kwa watu wengine, wa mji wa Framingham, wakaona jambo kama hilo.

Nisiwadanganye. Jambo hilo lilionekana hasa kwa Wamarekani weupe. Sisemi kwamba kinasaba hicho ndicho kinachotusumbua sisi. Vinasaba vinavyohusika na kisukari ni vingi, mamia, na kila kimoja kina sehemu ndogo. Mtu asije akatuuzia kipimo cha EBF1 sokoni! Ninachotaka mkichukue ni ule mfano wa mbegu: mzigo ule ule unamwangusha mmoja na kumwacha mwingine.

Tena urithi peke yake hautoshi kueleza mambo ya kwetu Tanzania. Mwaka 1989 ilitangazwa habari ya vijiji vyetu vilivyopimwa: wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 katika kila 100. Mwaka 2012 nchi ilipimwa, miji na vijiji pamoja, watu wa miaka 25 hadi 64. Karibu watu 9 katika kila 100 walikutwa na sukari ya juu. Upimaji haukuwa wa namna moja, kwa hiyo tusilinganishe kama tunavyolinganisha debe na debe. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Na katika miaka 23 vinasaba vya taifa havibadiliki. Ni vile vile vya babu zetu. Kilichobadilika ni maisha: bodaboda badala ya miguu, soda na mafuta mengi, na mahangaiko ya fedha.

Hapa nataka niseme na wale wanaojua kwamba baba au mama alikuwa na kisukari. Msikae mkingoja zamu yenu. Huko huko Marekani watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda waligawanywa mafungu. Fungu moja lilifundishwa kupunguza uzito kidogo, kama kilo 7 kwa mtu wa kilo 100, na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa juma. Majibu yalitoka mwaka 2002. Katika fungu hilo, waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58. Kisha mwaka 2006 ikaonekana kwamba hata waliokuwa na kinasaba kibaya kinachojulikana sana, kiitwacho TCF7L2, walifaidika. Mbegu dhaifu, lakini imepaliliwa.

Na juu ya mawazo je? Naona tuna tabia moja isiyosaidia. Tunamwendea mjane, tunamwambia, "Acha mawazo, mama." Ataachaje? Deni la pembejeo liko pale pale. Huyo anayemwuguza mkwewe usiku, mpokeeni zamu mara mbili kwa juma alale. Mwenye kesi ya mpaka wa shamba, wazee wakae naye waimalize, isifike mwaka wa tano. Mwenye deni asaidiwe kupanga namna ya kulipa. Na mtu asiyelala wala kula vizuri kwa majuma mawili, hana raha na kitu chochote, mleteni zahanati. Huo nao ni ugonjwa, una matibabu.

Sasa mambo mawili ya hatari. La kwanza: kuna kisukari kingine, ambacho huanza hasa utotoni au ujanani. Hicho hutokea mwili wenyewe unaposhambulia kongosho. Mtoto huyo hakukosa nini wala nini, na ni lazima achomwe sindano ya insulini kila siku. Akiachishwa atakufa, na si baada ya muda mrefu. La pili: mgonjwa yeyote asiache dawa eti kwa sababu mawazo yamekwisha, au deni limelipwa. Sukari ikipanda inaharibu macho, figo na miguu huku mtu anajiona mzima.

Dalili mnazijua wengi: kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda, macho kuona ukungu, kidonda kisichopona. Lakini wengine hawaoni dalili yoyote. Kipimo ni tone la damu la kidole. Asubuhi kabla ya kula, ikisoma 7 au zaidi, tunarudia siku nyingine. Ikiwa ni hivyo tena, ni kisukari.

Kabla ya kufunga, nimeleta kamba ya katani. Kila mtu ajipime urefu wake kwa kamba, kuanzia kisigino hadi utosini, akate. Kisha aikunje mara mbili, aizungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zikikutana bila kuvuta, vizuri. Zisipokutana, tumbo limezidi nusu ya urefu wako, na Jumatatu njoo zahanati tupime sukari, hasa kama katika ukoo wenu yupo mgonjwa. Kina mama wajawazito wao wasijipime kwa kamba. Watapimwa sukari kliniki. Haya, nani anaanza? Mwenyekiti, simama wewe kwanza.