Jenereta Inapotoa Umeme Hafifu: Kupima Kwanza, Kurekebisha Baadaye

Mada iliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata



Umeme unapokatika, jenereta ndogo huwashwa dukani, kwa muuza samaki na katika zahanati. Taa zikiwaka, wengi huona kwamba kazi imekwisha. Taa, hata hivyo, si shahidi wa kuaminika. Balbu nyingi za LED na chaja za simu hufanya kazi hata volti zikishuka sana. Friji haina uvumilivu huo. Ikipata umeme hafifu, mota ya kompresa hushindwa kuanza kuzunguka, huvuta mkondo mkubwa, na nyaya zake hupata moto hadi kuungua. Giza haliunguzi kifaa. Umeme hafifu huunguza.

Hasara yake si ndogo. Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na samaki aliyevuliwa usiku huharibika upesi katika joto la pwani. Wenzetu wa Unguja waliyaonja maisha ya jenereta walipokosa umeme wa waya wa baharini kwa takribani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Katika siku kama hizo, jenereta si pambo tena, bali ni tegemeo la riziki na afya.

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Mwenye jenereta anayeshuku upungufu hana budi kuanza na kipimo, si bisibisi. Multimita huwekwa kwenye alama ya umeme wa AC, katika kiwango kinachozidi volti 230, kisha vipimo vitatu huchukuliwa: kwenye soketi ya jenereta kabla ya kuchomeka chochote, kwenye soketi hiyo hiyo baada ya kuwasha vifaa, na mwisho wa waya, pale kifaa kilipo. Anayesoma vipimo hivyo vitatu amekwisha kuvuka nusu ya safari.

Kipimo kikiwa kizuri kwenye jenereta lakini kibaya mwisho wa waya, jenereta haina kosa. Waya ndio mwembamba au mrefu kupita kiasi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ukivutwa mita 100 na kubeba ampea 10, hupoteza volti 24 hivi njiani. Zile 230 zilizotoka kwenye mashine hufika zikiwa 206. Waya wa milimita za mraba 4 kwa umbali huo huo hupoteza volti 9 tu. Viungio vilivyolegea au vilivyoliwa na kutu ya chumvi huongeza hasara hiyo, na huweza kuwasha moto.

Kipimo kikiwa kizuri bila mzigo, kisha kikaporomoka vifaa vinapowashwa, mzigo ndio wa kwanza kuchunguzwa. Jenereta ya wati 2,000 haiwezi kubeba birika la umeme la wati 2,000 pamoja na friji. Tena friji huhitaji nguvu mara kadhaa ya kawaida yake kwa nukta chache za kuanza. Dawa ni kuwasha kifaa kimoja kimoja, kikubwa kikitangulia. Mzigo ukiwa mdogo na volti bado zikashuka, huenda injini ndiyo iliyochoka: chujio la hewa limejaa vumbi, kabureta imeziba kwa petroli iliyolala miezi kadhaa, au plagi imechakaa.

Kipimo kikiwa kibaya hata bila mzigo, kasi ya injini hupimwa. Jenereta nyingi ndogo hutakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili zitoe hezi 50. Multimita yenye alama ya hezi hulionyesha jambo hili: bila mzigo, kusoma hezi 50 hadi 52 ni kawaida. Hezi zikiwa 45, injini inakwenda polepole, na gavana yake inahitaji kurekebishwa. Hezi zikiwa sawa lakini volti zikawa chini, kosa liko upande wa umeme, yaani kwenye kidhibiti volti ambacho mafundi hukiita AVR, kwenye makaa na ringi zake, au kwenye kapasita kwa jenereta zisizo na makaa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Yapo mazoea ya kukaza skrubu ya gavana mpaka mita isome 230, bila kujali kosa liko wapi. Kwa jenereta yenye AVR mbovu, huko ni kuufunika ugonjwa kwa shuka. Injini huzungushwa kupita kiwango, hezi hupotoka, na mzigo unapoondolewa ghafla, volti huweza kupanda na kuunguza kile kilichokusudiwa kuokolewa.

Katika hewa ya chumvi ya Tanga, Pangani na Mkinga, makaa na ringi hustahili kutazamwa mapema. Makaa yaliyokwisha hubadilishwa. Ringi zilizopata kutu husafishwa. Kazi hiyo hufanywa injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa. Kapasita huweza kutunza umeme hata mashine ikiwa imelala, hivyo iachiwe fundi mwenye ujuzi.

Yapo mawili yasiyo na mjadala. Kwanza, jenereta hukaa nje, mbali na madirisha, hata wakati wa kupimwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Pili, jenereta haichomekwi kwenye soketi ya ukuta ili kulisha nyumba nzima. Umeme huo hurudi kwenye nguzo, transfoma ya mtaa huupandisha hadi maelfu ya volti, na fundi wa TANESCO aliye juu ya waya anaoudhani umekufa hupoteza maisha. Swichi ya kubadilishia, iliyofungwa na fundi mwenye leseni, ndiyo njia halali.

Multimita moja yaweza kuhudumia kitongoji kizima, na bei yake haifiki hata kidogo bei ya friji. Kikundi cha akiba, kamati ya zahanati au umoja wa wauza samaki ukiwa nayo, maswali mengi yatajibiwa kabla ya fedha kutumika.